Chumba cha Mama Vidole

Hebu laza mkono wako mapajani, uuache tu, usiuamrishe chochote: vidole vimenyooka, au vimejikunja kidogo kama vimeshika yai? Vimejikunja, siyo? Basi umeshajua jambo ambalo mkurugenzi mzima wa hospitali, na tai yake shingoni, hakulijua siku ya hafla ya kumkumbuka Mama Vidole.

Mama Vidole ndilo jina ambalo wagonjwa walimpa yule daktari, naye aliliitikia. Alikuwa wa kwanza pale hospitalini kushughulika na mikono peke yake. Kabla yake, kidole kikisagika kilikatwa, unafungwa bendeji, unaambiwa ushukuru roho ipo.

Fundi cherehani aliyeketi safu ya nyuma siku ile alilijua hilo kuliko wengi. Miaka kumi na tisa nyuma, mkanda wa mashine ya kusaga ulimvuta mkono wa kulia. Daktari wa zamu akasema vidole viwili vitoke. Mama Vidole akaingia, akavuta kiti, na kabla hata ya kufunua kidonda akauliza, "Unafanya kazi gani, dada?"

"Nashona."

"Basi mtu akuletee mkasi wako."

Mkasi ukaletwa. Fundi akaushika kwa mkono mzima, wa kushoto, naye daktari akapima jinsi kidole cha shahada kilivyopinda ndani ya tundu, akachora kwenye karatasi. "Kiungo hiki hakitakunjika tena maisha," akamwambia. "Nikikiunga kimenyooka, kitapendeza kwenye picha na kitakuudhi kila siku. Nitakiunga kimepinda hivi, kipate kukaa na mkasi."

"Na hicho kingine?"

"Si wanasema kidole kimoja hakivunji chawa? Nakuachia vyote viwili."

Tangu hapo fundi ameshona sare za shule, magauni ya harusi, hata mashuka ya hospitali ile ile.

Lakini kuunga kidole ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa Chumba Namba Tisa, chumba cha mazoezi. Humo kulikuwa na meza ndefu, mabeseni ya maji ya uvuguvugu ambayo daktari aliyatoa jikoni kwake, vibanio vya nguo, vifungo vya kuokota kimoja kimoja, na bwana wa mazoezi aliyekuwa mpole kama mkwe mpya na mkali kama pilipili. Mpishi alikuja na mwiko wake, kinyozi na kitana chake. Wagonjwa walilia pamoja, wakachekana pamoja, na kila wiki kidole kilisogea upana wa punje ya mchele.

Miezi mitatu baada ya Mama Vidole kuzikwa, mkurugenzi alikifanya chumba kile kuwa cha kupokelea wageni. Akaingiza makochi. Bwana wa mazoezi akapelekwa stoo kuhesabu magodoro.

Ndiyo maana fundi alikuja kwenye hafla na mkwe wake, mke wa mwanawe. Binti huyo ni msusi. Wiki sita nyuma kioo cha dirisha kilimkata kano mbili, zile kamba zinazovuta vidole. Daktari kijana aliyefundishwa na Mama Vidole alizishona vizuri kabisa, halafu hospitali ikampa mgonjwa karatasi ya michoro, ikamwambia akafanye mazoezi nyumbani. Sasa vidole vilikuwa vinagandana. Yule kijana alimwambia fundi pembeni, kwa aibu, kwamba visipopata mtu wa kuvifanyisha kazi mwezi huu, vitabaki hivyo.

"Mama, mkono umeanza kuwa kama koleo," mkwe alinong'ona, ameuficha ndani ya mtandio.

"Utasuka, mwanangu. Tulia."

Yeye mwenyewe hakuwa ametulia. Mara nne alikwenda ofisini, mara nne akaambiwa mkurugenzi yuko kikaoni. Akasubiri kwenye benchi mpaka akajua idadi ya vigae vya ukuta. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye vidole kumi hajui kifungo kinavyoteleza.

Katibu wa mkurugenzi akaja na karatasi iliyopigwa chapa. "Bibi, wewe utatoa neno la shukrani kwa niaba ya wagonjwa. Soma haya tu, usiongeze."

Fundi akavaa miwani. Ilisema, "Naishukuru menejimenti kwa kumwezesha marehemu kwa kila alichohitaji." Akaisoma mara mbili. Kila alichohitaji, na mabeseni aliyabeba mwenyewe kichwani mvua ikinyesha?

Mbele, mkurugenzi alikuwa anahutubia. Alisema "mimi na marehemu" mara nyingi kiasi kwamba mgeni angedhani walishika kisu pamoja. Kisha akavuta kitambaa chekundu, na sanamu ya ukumbusho ikaonekana: mkono wa saruji nyeupe, vidole vinne vimenyooka kabisa, vimebanana kama vya askari anayepiga saluti.

Watu wa mbele wakapiga makofi. Nyuma, walikokaa wagonjwa, watu wakatazama mikono yao.

"Huo unasimamisha gari," mpishi akasema.

"Gari gani? Huo umeshakufa," kinyozi akamjibu. "Mkono wa namna hiyo hata kijiko haushiki. Mama Vidole angeuliza nani kaufunga vibaya."

Wakacheka kwa kwikwi, lakini fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama mkwe wake akivivuta vidole vyake viwili chini ya mtandio, na vidole havisogei. Jina la fundi likaitwa.

Akapanda jukwaani polepole. Akaikunja karatasi, akaiweka mezani mbele ya katibu. "Hii mwanangu isome wewe, maana umeiandika wewe."

Ukumbi ukaguna. Mkurugenzi akatabasamu kwa meno tu. "Bibi yetu amechoka. Tumsaidie akae."

"Sijachoka. Kwenye benchi lako nilikaa mara nne, nimepumzika vya kutosha."

"Bibi, leo tunamkumbuka daktari. Mambo ya ofisi yana siku yake."

"Siku gani? Nitajie niiandike." Akangoja. Mkurugenzi akaangalia saa yake, akaangalia wageni wake wa safu ya mbele. "Hukuniuliza ninachotaka mara zile nne. Leo una wageni, huwezi kuwa kikaoni, basi nisikilize. Nataka Chumba Namba Tisa kifunguliwe Jumatatu saa mbili asubuhi. Nataka makochi yatoke, meza irudi, na bwana wa mazoezi atolewe stoo. Na nataka mkwe wangu awe wa kwanza kuketi, kwa sababu mwezi huu ukipita, hata yeye Mama Vidole akifufuka hataweza."

Mkurugenzi akawatazama tena wageni wake, kisha akamgeukia katibu: "Andika. Jumatatu, saa mbili."