Mazoezi ya Kumzika Babu

Tarumbeta ililia vizuri, ikapanda, ikapanda, halafu ikakwama kileleni na kukohoa kama mbuzi mwenye pumu. Ngoma ikaitikia taratibu, du, du.

"Nani kafa?" babu aliuliza kitandani, macho kafumba.

"Wewe," nikamjibu.

Mjukuu ana ruhusa. Nchi nzima humwita Baba wa Ushindi, na watu wazima husimama redio inapomtaja. Mimi ndiye ninayemkata kucha za miguu, na simba huyo aliyewazuia adui darajani hulia nikigusa kidole chake kidogo.

Nilifungua pazia. Daktari alikuwa amesema moyo umechoka, basi serikali ikaanza mazoezi ya maziko mapema, isije ikaaibika mbele ya wageni. Msafara ungeanzia mlangoni kwetu, kwa hiyo mazoezi nayo yalianzia hapo hapo. Askari walikuwa wamebeba jeneza lililojazwa mifuko ya mchanga.

Babu alichungulia. "Yule wa nyuma anachechemea. Ataniangusha."

Akavaa koti lake la kulalia, akatoka na fimbo. Askari walipomwona maiti wao anakuja huku anafoka, kila mguu ukashika njia yake. Babu akawapanga upya, akampokonya mpiga ngoma kijiti, akaonyesha mwendo. Tangu adui atie sahihi ya kusalimu amri, sikuwahi kusikia kwamba alifurahi kiasi kile.

Bibi akatoka na kikombe cha chai ya mumewe. Kanali wa itifaki, bwana mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa ametandaza mchoro wa kaburi la marumaru juu ya jeneza.

"Hapa ndipo atakapolala?" bibi akauliza.

"Ndiyo, mama. Uwanja mkuu, katikati ya taifa."

"Na mimi?"

Kanali akamtazama mpiga tarumbeta, kana kwamba jibu liko kwake. "Mama ametengewa mahali kwenye makaburi ya wake wa viongozi. Pazuri sana, pana maua."

"Ni mbali?"

"Gari litakuwepo."

"Yaani nife, halafu nipande gari nikamtembelee mume wangu?"

Kanali akagonga mchoro kwa kidole. "Mchoro huu aliupitisha mzee mwenyewe, mama. Mwaka ule wa ushindi."

Babu akaanza kuchunguza ncha ya fimbo yake.

Bibi aliimwaga chai chini, yote, bila haraka. "Nimelala na mkoromo wa huyu tangu hajaota kitambi. Vita vizima alikuwa akirudi ananuka soksi, nikanyamaza. Leo kapata marumaru, nafasi hakuna." Akanishika mkono. "Twende zetu, mume wangu. Mwenzio kaoa taifa."

Tukaingia jikoni, akafunga mlango kwa komeo. Nje nilimsikia kanali akinong'ona kwamba mawe yamekwisha kukatwa, kwamba taifa linamngoja mzee.

"Lingoje," babu akasema.

Fimbo ikagonga mlango. Bibi akaendelea kuchambua mchele.

"Mama watoto."

Mtu aliyehutubia huku mabomu yakidondoka sasa alikuwa akihema mbele ya ubao wa mlango.

"Nilikuwa bado kijana. Walinishangilia, kichwa kikavimba."

"Kiliwahi kunywea lini?" bibi akamuuliza mchele.

"Nitawaambia wachimbe la wawili."

"Ahadi zako nazijua. Uliniahidi vita vitaisha kabla ya mvua. Zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena."

Nikacheka, bibi akanikanyaga mguu. Huko nje mpiga tarumbeta alijaribu tena kile kilele. Babu akamfokea anyamaze.

"Basi sikiliza, mama watoto, na hawa askari wasikie," akasema, kwa ile sauti yake ya redioni iliyotoboka matundu. "Mpaka wachimbe shimo la watu wawili, na wewe ulikague kwa macho yako, nakuapia, mimi sifi."