Yadi ya Ishirini

Fundi wa sketi za shule aliingia benki akiwa amefura, na mlinzi aliyezoea kumtania siku hiyo alimpisha tu. Dirisha la tatu alikaa mdogo wake wa tumbo moja, tai shingoni. Ndiye aliyemwingiza mkenge. Miezi kumi na moja nyuma alimletea nyumbani kikaratasi kinachong'aa kuhusu akaunti ya dhahabu: kila ukilipa kwa kadi, sehemu ya pesa inakurudia, tena una bima ya safari na kiti cha heshima uwanja wa ndege. Fundi mwenyewe hajawahi kupanda hata ghorofa ya nne.

"Nataka pesa zangu zilizorudi," alisema. "Kesho asubuhi napeleka sketi ishirini. Mwalimu mkuu kasema ishirini kamili, la sivyo kazi ya mwaka mzima anampa fundi mwingine. Na sina kitambaa hata cha leso."

Mdogo wake alibonyeza-bonyeza. "Zimerudi elfu tisa, dada."

"Hizohizo, lete."

"Ila ada ya akaunti ni elfu mbili kila mwezi. Sasa ukipiga hesabu..."

"Mmenipa kwa kidole, mkachukua kwa mikono miwili!"

"Vigezo na masharti kuzingatiwa, dada. Punguza sauti, bosi ananiangalia."

"Akuangalie vizuri! Ulikuja kwangu kwa nini, wewe?"

Akainamisha kichwa. "Kila mmoja wetu alipangiwa kuleta watu hamsini."

Hamsini! Yeye aliyemsomesha kwa cherehani ya miguu, mpaka nyayo zikaota sugu, kumbe alikuwa kichwa kimoja katika hamsini. Fundi alitamani kumvuta tai ile mpaka atoke dirishani.

"Funga akaunti," alisema. Kufunga nako kulikuwa na ada; wakaikata kwenye akiba yake, wakampa kilichobaki.

Njiani kuelekea sokoni hasira ikamgeukia mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Kadi ilipokelewa kwenye duka kubwa la vitambaa lenye milango ya vioo peke yake, ambako kila yadi ilizidi bei ya soko kwa robo nzima, naye akawa anakimbilia huko kufukuzia asilimia tatu. Mjinga gani huyo? Mwaka mzima alikuwa akizunguka nyuma ya soko ili asikutane macho na Mama Jora, mwanamke aliyemkopesha vitambaa tangu alipokuwa anajifunza kutunga uzi.

"Umepotea, fundi," Mama Jora alisema bila kucheka.

"Nipo, dada yangu. Nipe ile bluu." Alimwaga mezani noti zote alizotoka nazo benki.

Zilitosha yadi kumi na tisa, na kila sketi hula yadi moja. Hakushtuka, maana miaka yote Mama Jora hakuwahi kumkatia kitambaa bila kumwongezea yadi moja juu. Yadi hiyo alikuwa ameshaihesabu tangu mlangoni mwa benki.

Mama Jora alipima polepole, akatia alama kwa chaki. Mkasi ukapita palepale kwenye chaki.

"Na nyongeza yangu?"

"Nyongeza ni ya wateja wangu," Mama Jora alijibu, akikunja kitambaa. "Wewe kawaombe wa vioo."

Matusi yote aliyotoka nayo benki yalikuwa bado mdomoni, lakini hakuna hata moja lililomstahili Mama Jora. Fundi alichukua yadi zake kumi na tisa, akasema ahsante, akaondoka.