Mzee Hapandi Basi

Kompyuta ya Monica ilikuwa na ugonjwa wa kufa na kufufuka. Unaiwasha, inanguruma, kioo kinajaa rangi, unaanza kufurahi. Kabla furaha haijatulia, kioo kinakuwa cheusi ghafla, nayo inaanza upya, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Asubuhi nzima ilikuwa hivyo, pale dukani Katesh, chini ya Mlima Hanang, na fundi aliyeitia ugonjwa huo alikuwa amepiga magoti mbele yake kama yuko kanisani.

Fundi mwenyewe alikuwa Gidion, binamu yake Monica wa kule Nambis, aliyehamia Arusha na kurudi na bisibisi mfukoni na maneno mengi mdomoni. Jana yake ndiye aliyeng'oa prosesa ya zamani, ule ubongo wa kompyuta, akaweka mpya yenye kasi. Na kasi ilihitajika kweli. Tangu Manyara imegwe kutoka Arusha na kuwa mkoa, kila shule na kila ofisi ilitaka karatasi mpya zisizo na jina la Arusha, na Monica ndiye aliyekuwa akizichapa.

"Itakimbia kama swala, dada," Gidion alimwambia.

Ikakimbia. Ila swala huyu kila akifika kwenye kona alirudi alikotoka.

Kazi za kuchapa zingeweza kungoja. Kilichomtia Monica hofu kilikuwa kingine. Ndani ya mashine ile ilikuwamo sauti ya baba mkwe wake, marehemu Mzee Gidamis wa Gendabi, na dunia nzima hapakuwa na nakala nyingine.

Siku Lameck, mume wa Monica, aliponunua maikrofoni, mzee na mkewe walikuwa wamekuja mjini kukitazama hicho kitu ambacho mwana wao alikinunua badala ya ng'ombe. Wakamketisha mzee, wakamwambia aimbe. Akafumba macho, akamwimbia dume lake, akamsifu pembe, rangi na mwendo, mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. Masika yaliyofuata akafa. Mkewe, Mama Lameck, alikataa kuisikia sauti ile mpaka kilima cha kaburi la mumewe kikamilike, kama mila yao inavyotaka. Sasa kilikuwa kimekamilika. Jana alitembea kutoka Gendabi na kibuyu chake kidogo, akaketi kwenye benchi kando ya mashine, akasema neno moja tu.

"Nimekuja."

Na tangu hapo hakusema jingine. Alikaa na kungoja, mikono mapajani, harufu ya samli ikitoka kwenye vazi lake la ngozi, na kimya chake kilimtesa Monica kuliko lawama.

Gidion alianza na umeme. Umeme wa Katesh, alisema, unapanda na kushuka kama mbuzi mlimani. Akaazima pawa saplai nyingine duka la jirani. Mashine ikawaka, ikafa. Akachomoa RAM, kile kijibao cha kumbukumbu, akaisugua meno kwa kifutio cha mwanafunzi, akairudisha. Ikawaka, ikafa. Akatoa kibetri cha ndani ili mashine isahau mipangilio yake yote ya zamani. Ikasahau kila kitu isipokuwa kufa. Kuirudisha prosesa ya zamani haikuwezekana, maana ilishapanda basi kwenda Arusha kwa jamaa aliyebadilishana naye.

Kisha ukaja mlio mdogo, tik, tik, kutoka tumboni mwa mashine. Gidion akanyamaza. Gidion akinyamaza, ujue kuna jambo.

"Hiyo ni diski, dada. Kila ikizimwa ghafla inaumia. Itafika mahali haitaamka tena, na vilivyomo vitakwenda nayo." Akapangusa jasho. "Niichomoe. Kesho niende nayo Arusha kwa basi, nijaribu kwenye mashine nyingine."

"Nani anakwenda Arusha?" Mama Lameck aliuliza.

"Ni sauti ya mzee, Mama," Monica akasema. "Gidion anataka kuisafirisha, isipotee."

"Mzee hapandi basi," mama mkwe akasema.

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mara moja tu maishani Mzee Gidamis alipakiwa kwenye basi kwenda kutibiwa Babati, akateremka kabla halijaondoka, akasema afadhali afe kwa miguu. Gidion alitaka kucheka, akamtazama bibi usoni, akakimeza kicheko chake.

Wakaizima mashine wakapumzika kwa uji. Walipoiwasha tena, ilidumu. Ilidumu mpaka Monica akaliona jina la faili, *Mzee*, akanyoosha mkono, kioo kikawa cheusi. Waliporudia papo hapo, haikufika hata kwenye rangi.

"Ikipumzika inadumu, ikichoka inakufa upesi," Monica akasema. "Si ndivyo?"

"Joto," Gidion akanong'ona. Kisha akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Prosesa nimeipaka dawa ya kupitisha joto mwenyewe. Feni juu yake nimeifunga kwa mkono wangu huu."

Mama Lameck akainuka, akatoka nje kuota jua. Ndipo Monica alipogundua jambo. Bibi ametoka, lakini harufu ya samli haikutoka naye. Ilikuwa palepale, tena ya moto, kama ya jikoni. Aliinama juu ya kompyuta iliyo wazi, akavuta pumzi.

"Gidion, fungua feni."

"Dada, nimekwambia nime..."

"Fungua."

Akafungua. Chini yake prosesa ilikuwa inaogelea. Samli njano, safi, ya kienyeji, ilikuwa imechanganyika na ile dawa nyeupe na kuchuruzika pembeni. Gidion akaanza kukumbuka. Jana, alipokuwa ameshapaka dawa na kabla hajaweka feni, Mzee Sulle wa jirani alipita mlangoni, na kijana hamsalimii mzee akiwa amechuchumaa. Alitoka nje kumwamkia, na salamu za Mzee Sulle huanzia kwa mifugo na kuishia kwa mvua. Aliporudi aliona mafuta yanang'aa, akadhani ni dawa yake, akafunga.

Monica akamwita mama mkwe. Hakujua aulize vipi, akaonyesha tu kwa kidole.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi." Hakuona la kuficha. "Huyu kijana alimpaka mgeni mafuta. Nikafurahi, nikasema kumbe na watu wa mashine wanabariki. Lakini alipaka kidogo, kichoyo. Nikaongeza ya kibuyuni kwangu."

"Mgeni gani, Mama?"

"Huyo mpya." Akaielekezea kidevu ile prosesa, kitu kidogo kama biskuti. "Si anaingia anapokaa mzee? Mzee yuko peke yake humo gizani. Bibi arusi tunampaka, anakaa vizuri na watu. Huyu asipopakwa, atakaaje na mume wangu?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni huyu kwa kupendwa mno alikuwa karibu ammalize mwenyeji. Lakini Monica hakuweza kucheka. Kicho kilimshika mwili mzima. Yeye aliikalia mashine hii kila siku akaiona chombo cha kazi, na mwanamke huyu, asiyejua hata pa kuiwashia, aliiona nyumba yenye mtu ndani.

Gidion akaisafisha prosesa kwa pamba na spiriti, polepole, kwa heshima ambayo hakuwa nayo jana. Akapaka dawa mpya. Kabla ya kufunga feni akageuka. "Bibi, hii inatosha. Baraka yako ameshaipata."

Wakawasha. Rangi zikaja. Wakangoja wote watatu, na mashine ikakaa. Monica akabonyeza.

Mzee Gidamis akaimba. Duka lote likajaa yeye, koo lake lenye kokoto, dume lake, pembe, rangi, mwendo. Mama Lameck hakulia. Aliinamisha kichwa, akawa anatikisa mguu taratibu. Wimbo ukaisha, na hapo ndipo Monica siku zote alipokuwa akizima. Safari hii alisahau, machozi yakimlengalenga.

Mzee akakohoa. Kisha kwa mbali, kutoka mlangoni, sauti ya mwanamke ikaita kwa lugha yao: baba Lameck, twende, jua linazama, ndama hawajafungwa! Na mzee akajibu, akicheka: tangulia, nitakukuta njiani.

Ikanyamaza.

"Mwongo huyu," Mama Lameck akasema. "Akanidanganya, akatangulia yeye." Kisha akainua uso, akaitazama mashine. "Kumbe na mimi nimo humo?"

"Umo, Mama."

Akachukua kibuyu chake, akasimama, akakung'uta vazi lake tayari kwa safari ya Gendabi.

"Basi hayuko peke yake," akasema.