Plagi ya Nne

Plagi tatu zilitoka bila ya ubishi. Ya kwanza aliitoa Fundi Machano mwenyewe, kumwonesha mwanafunzi wake namna mkono unavyopaswa kusikiliza kabla ya kuvuta. Ya pili na ya tatu alizitoa Yusra, na kila moja alipoilaza juu ya gazeti alijiona fundi kamili. Ya nne ikagoma. Ilikuwa saa tano na nusu ya Ijumaa, kwenye kiwanja kidogo cha Malindi ambako watu wa vichochoroni huacha magari yao kwa kukosa njia ya kuyafikisha mlangoni, na mama yake Yusra alikuwa nyumbani anavaa.

Safari yenyewe lazima isemwe mapema, maana ndiyo kesi yote. Mama huyo, Bi Maryam, alikuwa ametoka eda jana. Miezi minne na siku kumi amekaa ndani, hakuvuka kizingiti, na mumewe Haitham amezikwa kwao Kizimkazi, kwenye kaburi ambalo mke hajaliona hata udongo wake. Muda wote huo watu walimuuliza anataka nini, naye akajibu hataki kitu, mpaka ikawa wanauliza kwa mazoea tu. Wiki iliyopita ndipo akatamka. Anataka kwenda kumzuru mumewe Ijumaa baada ya sala, kwa gari la mumewe, akae mahali pake pa siku zote, mbele kushoto. Ijumaa hii na si nyengine, kwani Jumamosi asubuhi ami yake Yusra, Anuar, analichukua gari kwa ajili ya mirathi. Mnunuzi keshapatikana, na ami amesubiri eda nzima kwa heshima ya wafiwa. Nani angekuwa na uso wa kumwambia asubiri tena?

Gari lilipowashwa Alhamisi lilitikisika kama mtu mwenye homa, likakohoa, likazimika.

"Plagi hizo," alisema Fundi Machano. "Hili nakuachia wewe. La baba yako."

Miezi mitano Yusra alikuwa akilingoja neno kama hilo. Ana cheti cha ufundi, lakini gerejini kazi yake ilikuwa kuosha spana na kushika tochi, na wapita njia walimcheka bila ya kujificha. Marehemu baba yake hakumcheka. Ila hata siku moja hakumruhusu kufungua boneti la gari lake. "Jifunzie ya watu kwanza," alikuwa akisema, na mwenyewe akiona amefanya mzaha mzuri.

Sasa Fundi Machano, keshavaa kanzu yake ya Ijumaa, aliinama kwa uangalifu asijipake, akaijaribu ile plagi kwa vidole viwili juu ya spana.

"Hii imeshika kweli kweli. Itie dawa ya kutu, ngoja. Jaribu kidogo, rudisha, tia tena. Ikikataa, iache mpaka nirudi msikitini. Usiilazimishe."

"Sawa, fundi."

"Nimesema usiilazimishe."

"Nshasikia, fundi."

Akaondoka. Yusra aliichukua tochi, akamulika ndani ya tundu kabla ya kutia dawa, na huko chini, shingoni mwa plagi, akaona ukoko mweupe uliochanganyika na kutu. Aliukwangua kwa bisibisi ndefu, akatoa chembe moja, akaigusisha na ulimi. Chumvi.

Hapo hapo alijua imetoka wapi. Siku ya tatu ya matanga nyumba ilijaa watu, maji ya bomba hayatoki, na yaliyokuwemo kwenye mapipa yamewekwa kwa kupikia na kutawadhia. Yusra hakuweza kulia mbele za watu na hakuweza kukaa. Alikwenda uani, akateka ndoo saba kwenye kisima, akaja kuliosha gari la baba yake. Akaona haitoshi. Akafungua boneti, maana wa kumkataza hayupo tena, akaiosha na injini mpaka ikang'ara, na jioni ile kidogo alipata usingizi. Kisima kile, jamani! Kila mtu wa nyumba ile anajua maji yake ni ya chumvi, ni ya kusafishia sakafu tu. Hata kanga hazifuliwi humo. Yeye amezaliwa juu ya kisima hicho na akafanya hivyo. Kisha gari likakaa miezi minne bila ya kuguswa, kwani mali ya maiti haichezewi, na maji yakatulia mle tunduni yakifanya kazi yao.

Alitia dawa. Akangoja. Akajaribu, akarudisha, akatia tena. Kipaza sauti cha msikitini kilianza hotuba, kiwanja kikabaki kitupu, jua likawa juu ya shingo yake. Mara plagi ikalia kidogo, ikazunguka robo. Alitamani kupiga kigelegele. Akajaribu tena, ikasimama pale pale.

Dirisha la juu, ng'ambo ya ukuta, likafunguliwa.

"Yusra!"

"Labeka, mama!"

"Tayari?"

Hapo ndipo alipokosea, na nasema hivyo nikimpenda. Angesema bado, mama angekaa. Angesema haijulikani, ingekuwa kweli. Lakini mtu aliyeliharibu gari kwa mkono wake na anayajua hayo peke yake, haiwezi kumtoka kinywani kauli ya namna hiyo.

"Karibu tayari!" alisema.

"Nshavaa mimi."

Dirisha likafungwa. Yusra aliokota kipande cha paipu, akakivika kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, akapiga moyo konde, akavuta kwa uzito wake wote. Plagi ikazunguka laini, laini kabisa, na akacheka peke yake. Akainyanyua spana. Ilitoka na nusu ya plagi. Nusu ya chini, ganda tupu la chuma, ilibaki ndani ya injini, imevunjika sawasawa na ukingo.

Fundi Machano aliporudi hakuhitaji kuambiwa.

"Ulitia paipu?"

"Ndiyo, fundi."

"Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia nini?" Alikunja mikono ya kanzu hiyo hiyo ya Ijumaa, akaingia kazini. Alihangaika kwa kila chombo alichokuwa nacho, na alipotoka kanzu ilikuwa nyeusi kifuani. Hasira zilikuwa zimemwisha. "Kichwa cha injini lazima kifunguliwe, kipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma. Jumatatu, tukiwahi."

"Haliwezi kwenda kwa plagi tatu? Kizimkazi tu, fundi. Kwenda na kurudi."

"Tundu liko wazi, mwanangu. Haliwezi kwenda hata kona ile."

Bi Maryam alitokeza kwenye uchochoro katika buibui lake jeusi, anatembea taratibu kama aliyesahau ukubwa wa hatua zake. Mkononi alikuwa na mfuko mdogo wenye chupa ya marashi ya kwenda kumwagia kaburi. Yusra alimkimbilia kabla hajafika, akamweleza yote palepale, plagi, paipu, kisima, ndoo saba, bila ya kubakisha. Alisema kwa haraka kwa sababu alitaka apigwe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeliacha gari lake," alisema.

Fundi Machano alisogea, akaficha mikono yake michafu nyuma. "Bi Maryam, ntakupeleka mimi kwa gari langu. Sasa hivi."

"Ahsante, fundi. Magari ya kufika Kizimkazi mengi. Mimi nlitaka kwenda na yeye."

Aliwapita wote wawili, akafungua mlango wa mbele kushoto, akakusanya buibui lake, akaingia. Yusra alisimama nje hajui aende wapi. Kupitia kioo alimwona mama anatazama mbele, na mbele hapakuwa na kitu ila boneti lililosimama wima.

"Lifunge boneti, nione njia."

Yusra alitoa vyombo kimoja kimoja, akalifunga. Hakuthubutu kukaa penye usukani, aliingia nyuma. Njia yenyewe ilikuwa ukuta wa jirani na paka wawili kivulini. Mama alisoma Fatiha kwa sauti ya chini. Alipomaliza alifungua ile chupa, akamimina marashi juu ya kiti cha dereva, polepole, mpaka yakaisha yote. Kisha akavuta mkanda wake, akaufunga, wakakaa.