Ramani ya Haidrojeni

Mwalimu Cadija aliporudi Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, kutoka ukimbizini, maabara ya fizikia shuleni kwake haikuwa na hata waya mmoja. Akaenda kwa Ussi, fundi bati mwenye asili ya Mtwara, akamwomba amtengenezee pembe kubwa ya bati, mdomo wake upana wa mlango.

"Ya kupuliza, Mwalimu?"

"Ya kusikilizia, fundi. Kati ya nyota kumetapakaa gesi ya haidrojeni, nayo inatoa mawimbi ya redio. Nataka nichore ilipo, anga zima."

"Nyota! Basi utakesha kila usiku!"

"Hata mchana inasikika. Jua haliizuii, wala mawingu."

Ussi akacheka, lakini akachukua vipimo.

Pembe ilipokamilika, Cadija aliiunganisha na kipokezi cha redio na kompyuta yake. Wiki tatu kompyuta haikuonyesha kitu ila mstari unaotetemeka. Cadija alidhani mnara wa simu ndio unaovuruga, wakaipakia pembe kwenye pikapu hadi kijiji cha Diaca, shambani kwa dada yake Hafsa. Huko nako, kimya. Cadija akakaa chini kwenye matuta ya mihogo, machozi yakimlenga.

Ussi akaingiza kichwa ndani ya pembe. "Mwalimu, njoo uone. Kwenye maungio mwanga unapenya. Kazi hii nimeiharibu mimi."

Akawasha moto, akayeyusha risasi ya kulehemu na kuziba kila ufa. Saa nne asubuhi Cadija akaunganisha tena kipokezi. Mstari ukainuka, kilima chembamba, palepale kwenye masafa aliyoyahesabu.

Hakuamini. Akaielekeza pembe ardhini: kilima kikatoweka. Akairudisha juu: kikarudi.

"Ndiyo yenyewe! Ussi, ndiyo yenyewe!"

Hafsa akapiga vigelegele huku jembe likiwa mkononi.

Siku arobaini waliinamisha pembe kidogo kidogo, dunia ikizunguka, wakipima kipande baada ya kipande. Ramani ikajaa: mkanda mnene uliopinda, bluu kwa gesi inayotujia, nyekundu kwa inayotukimbia. Ni kundi letu zima la nyota, likizunguka.

Mhadhiri mmoja wa Maputo aliilinganisha na ramani za darubini kubwa za redio, kisha akampigia Cadija simu akiwa darasani. "Inalingana, Professora. Inalingana kabisa!"

Darasa likalipuka kwa shangwe. Cadija akaibandika ramani ukutani, akamkabidhi Ussi kalamu.

"Weka jina lako kando ya langu, fundi."

Ussi akafuta mikono kwenye shati, akaliandika taratibu, kwa herufi za Kiarabu alizojifunza utotoni kwenye chuo cha Kurani, kubwa kuliko la Mwalimu.