Nyumba Iliyokwenda Lukafu

Kila Julai, baridi ya kiangazi ilipoishika Lubumbashi, nyumba ya Mama Bénie mtaani Kamalondo ilijaa wageni hadi milango ikasahau kazi ya kufungwa. Walitoka Lukafu, walitoka Mitwaba. Huyu amekuja kung'olewa jino. Yule aliikosa harusi ya mwaka jana na sasa amekuja kuitazama kwenye picha. Vyumba vitatu vililaza watu kumi na wanne. Mama Bénie, ambaye jina lake la ubatizo ni Virginie, mwaka mzima aliwazalisha wanawake wa watu hospitalini. Likizo ikifika, alisonga bukari, ugali wa kwao, kwa zamu mbili na kulala sebuleni, miguu ikiwa chini ya meza. Alikuwa amepumzika hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Mwaka huu aliomba jambo moja tu: usingizi. Siku kumi za kulala huko Kalemie, kando ya ziwa, mahali ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemjua. Ndege ingewafikisha kabla jua halijawa kali. Ruhusa kazini alikwisha kupewa, na akiba ya nauli alikwisha kumkabidhi mumewe.

Hapo ndipo alipokosea. Mumewe, Liévin, mwalimu wa jiografia, alizaliwa katika ukoo wa watu wa reli, na ukoo huo uliamini kwamba safari isiyotikisa mifupa haihesabiki kuwa safari. Jumatatu aliondoka kwenda kununua tiketi. Alhamisi alirudi kutoka Sakania, mpakani, akiendesha kitu cheupe, kirefu kama kanisa la kigango, chenye mapazia ya maua madirishani.

"Mama Bénie, toka uone! Camping-car!"

"Tiketi iko wapi?"

"Tiketi ya nini? Ndege inakupa kiti na karanga kidogo. Hii iko na kitanda, iko na jiko, iko na choo. Ndege iko na kitanda?"

"Haina. Lakini inafikaka."

Jirani yao Djafari, mfanyabiashara wa samaki wakavu ambaye babu zake walitoka Maniema, alikuwa ameegemea ua akisikiliza kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Ndugu yangu Liévin," alisema, "miye niko na malori tatu ku ile barabara. Njo maana napandaka ndege."

"Weye haupendi inchi yako, Djafari! Kule juu utaona nini? Mawingu! Shiye tutaona inchi. Tutasimama kwenye tunataka, tutalala kwenye tunataka."

"Kwenye munataka?" Djafari alicheka hadi kofia ikamwinama. "Na ukoo yako yote iko ku njia?"

Liévin alijifanya anapangusa kioo. Virginie, hata hivyo, alilisikia swali hilo, nalo likamkaa kama kokoto kiatuni. Ndege huwapita shangazi, wajomba na mashemeji wote kwa juu, na hakuna anayenuna. Haijapata kutokea ukoo ukamshtaki mtu kwa kupita angani. Lakini anayepita chini bila kubisha hodi amewatangazia wote kwamba amewakana.

"Tutapita mbio," Liévin aliahidi.

Walipita polepole. Lami ilipokwisha, mashimo yalianza, na gari-nyumba likayumba kama mzee anayetoka kwenye sherehe. Sufuria zilipigana kabatini. Mlango wa choo ulifunguka kila kona, mfano wa mtu mwenye neno la kuchangia. Walipokaribia Lukafu, baiskeli yenye magunia mawili ya makaa iliwapita. Aliyeiendesha alikuwa Jeannot, binamu ya Liévin. Alipunguza mwendo, akachungulia dirishani, akamwita kwa heshima ya kaka mkubwa.

"Yaya Liévin! Hii iko nyumba?"

"Iko camping-car."

"Iko na kitanda?"

Mtu mwenye busara angekana. Liévin alikuwa mtu mwenye fahari. "Kitanda ya bantu mbili," alisema. "Na godoro ya mupya."

"Basi iko nyumba. Niende niambie tantine." Akakanyaga pedali, akawaacha ndani ya vumbi lake.

Walipofika Lukafu, shangazi Agnès alikuwa amesimama katikati ya barabara, bakuli la unga mkononi, na nyuma yake watu kumi na mmoja waliovaa nguo za Jumapili. Katika ukoo ule, nyumba mpya haikaliwi mpaka mwanamke mkubwa kuliko wote amwage unga kizingitini na kulala ndani yake wa kwanza. Hakuna aliyewahi kuuliza kama sheria hiyo inazihusu nyumba zenye magurudumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa mjinga wa kuwaletea moja.

"Mulitaka kutupita na nyumba, mutoto wa kaka yangu?"

"Hapana, tantine, hii ni gari tu…"

"Gari yenye pazia?"

Unga ukamwagwa. Agnès akavua viatu, akapanda, akajinyoosha kwenye kitanda ambacho Virginie hakuwa amekilalia hata kwa dakika moja, na akatoa hukumu kichwa kikiwa kwenye mto: godoro zuri, nyumba nzuri, lakini baraka inahitaji siku tatu ili ikolee. Kwa siku hizo tatu Virginie alilala kwenye mkeka katika jiko la shangazi, karibu na kuku.

Siku ya nne ilibainika kwamba nyumba haiendi peke yake. Wajomba wa Mitwaba wangesemaje, wakiiona imekuja bila ndugu? Wote wakapanda. Mbuzi wa zawadi akafungiwa chooni, na kwa mara ya kwanza mlango ule ulikaa umefungwa, kwa kamba. Wakasema kwanza wale chakula, ndipo waondoke, na jiko lenye mafiga mawili ya gesi likamngoja mwenye nyumba.

Virginie akasonga bukari. Alipokuwa akipakua, alihesabu vichwa ili chakula kitoshe. Shangazi. Jeannot. Yule wa jino. Yule wa harusi ya kwenye picha…

Mwiko ulisimama hewani.

Wa Lukafu walikuwa hapa wote. Wale waliokuja Kamalondo kila Julai walikuwa ndani ya gari hili, kila mmoja na sahani yake, na wa Mitwaba walikuwa kwao wakiwangoja. Kamalondo, basi, kulikuwa na nani?

Wakati huohuo lori la Djafari, lililosheheni mahindi, lilisimama kando yao. Dereva wake, Guelor, alitoa kichwa nje.

"Mama Bénie! Patron anauliza: Kalemie iko muzuri?"

"Guelor, unaenda wapi?"

"Lubumbashi. Leo jioni tuko."

"Kiti iko?"

"Iko."

Akaweka mwiko chini, akamwendea Agnès. "Tantine, nyumba ya Kamalondo tuliiacha bila muntu."

Shangazi alishika kifua. "Bila muntu hata moja? Nyumba yenye kukosa muntu inamusahau mwenyewe! Muke wetu, rudia kwako! Sasa hivi!"

Liévin alikuja mbio, kamba ya mbuzi mkononi. "Mama Bénie, na likizo yetu?"

"Naenda kuichukua," alisema Virginie, na akapanda lori.

Zilimbakia siku sita. Alifunga mlango wa Kamalondo, akalala. Aliamka, akala ndizi, akalala tena. Siku moja ndege ilipita juu ya paa kuelekea kaskazini. Aliisikiliza bila wivu, akageukia upande wa pili. Siku ya mwisho Liévin alipiga simu kutoka Mitwaba.

"Bazee ya huku banasema nyumba haiwezi kurudi mupaka wajomba yote balale ndani."

"Bako na haki," Virginie alimjibu kwa upole. "Musifanye haraka."

Liévin alirudi Agosti, amekonda, ananuka mbuzi, na mapazia yote yamebaki kwa mashangazi kama kumbukumbu. Djafari alikuwa ameegemea ua pale pale.

"Mama Bénie, weye njo ulikuwa muntu wa ndege. Mwaka kesho tunasema nini?"

"Camping-car," alijibu Virginie bila kuinua macho. "Papa Bénie ataiendesha. Miye nitamupungia mukono ku mulango."

Kitambaa cha maua kilikuwa mapajani mwake. Pazia la tatu alikwisha kulishona.