Altaneta ya Thelma

Thelma Garside hakulala kwenye usukani. Hilo alilijua yeye na Mola wake, na kwa mwaka mzima hapakupatikana wa tatu aliyekubali kulijua.

Gari lilikuwa la marehemu baba yao: la spoti, la wazi, viti viwili, lililoundwa mwaka 1961, nalo alilirithi pamoja na kaka yake, Rodney. Novemba ya mwaka uliopita, chama cha magari ya kale kilipotoka mji wa Buxton, Uingereza, kupanda mlima, ukungu uliwashukia, na mvua juu yake. Thelma akawasha taa kubwa, akawasha waipa, akawasha na feni ya joto. Na dainamo ile kongwe, ambayo gari likienda polepole haitoi umeme wa kutosha kitu, ikashindwa. Taa zikafifia mithili ya macho ya mgonjwa, kisha zikafumba. Gari likaupiga ukuta wa mawe penye kona, na nyonga ya Thelma ikavunjika.

Thelma angali hospitalini, Rodney akawaambia watu, "Dada alisinzia." Neno likapendwa. Chama kile kina desturi ya kutoa tuzo za mzaha katika karamu ya mwaka. Basi Thelma akaitwa mbele, akikongojea fimbo, akakabidhiwa mto wa kulalia. Ukumbi ukaangua kicheko, naye, kwa adabu za watu wale, ikambidi acheke pia. Kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa siku ya msafara ilikuwa imerejea, na Thelma alikusudia jambo moja tu: kupita kona ile ile, katika ukungu ule ule, taa zote zikiwaka, ili uongo ule ufe mbele ya watu.

Kwa ajili hiyo alinunua, badala ya dainamo, altaneta mbili chakavu, mashine zitoazo umeme wa kutosha hata gari likienda polepole, na katika mbili akaunda moja. Alibadili beringi, akazing'arisha pete za shaba, akatia brashi mpya. Na kwa kuwa altaneta ile hutaka hasi ya betri ifungwe kwenye bodi, ilhali magari ya Kiingereza ya umri ule yalifungwa chanya, alizigeuza nyaya za betri, iliyokaa nyuma ya viti. Hakumwambia mtu, na Rodney hasa. Rodney alikuwa hakimu wa uasili katika chama, yaani wa kuamua gari lipi limebaki kama lilivyoundwa. Skrubu moja isiyotoka kiwandani ilitosha kumkunja uso.

Asubuhi ya msafara Rodney alifika mapema. Thelma alikuwa jikoni akipasha moto chapati za shayiri na jibini aliposikia mlio wa cheche, kisha akanusa harufu ya waya unaoungua. Alikimbilia gereji, nyonga yake ikimlalamikia.

"Umefanya nini?"

"Nimekuokoa, dada," alisema Rodney, spana mkononi. "Betri uliifunga kinyume. Gari hili chanya inakaa kwenye bodi, hata paka wa mtaani anajua. Ila sasa mbona..."

"Fungua huo waya."

"Mbona kunatoka mosh..."

"Fungua waya, Rodney!"

Thelma aliunyakua mwenyewe. Kisha akainua boneti, na moshi ukawapanda wote wawili usoni. Rodney aliinama, akatazama, akainuka kama aliyeona nyoka.

"Altaneta? Kwenye gari la baba?"

"Ilikuwa altaneta. Sasa ni kikaango. Umezichoma dayodi zote."

"Ningejuaje? Hukuniambia!"

"Ungeuliza! Nilikuwa jikoni, hatua chache tu. Lakini wewe huulizi. Wewe unatangaza."

"Baba angelia akiona hili dude."

"Baba maisha yake yote hakulitoa gari hili penye mvua na giza. Hujajiuliza kwa nini? Shika taa, usinisemeshe."

Wenzao walipokuwa wakiondoka mjini kwa honi na vigelegele, Thelma alikuwa ameifungua altaneta mezani. Ile ya pili, aliyoing'oa vipuri, bado ilikuwa na sahani yake ya dayodi. Aliijaribu kwa betri na balbu ndogo, dayodi moja baada ya nyingine: umeme upite upande mmoja, ukatae kurudi upande wa pili. Zote zilikuwa nzima. Akabadili na kidhibiti umeme, asije akajuta njiani. Zikabaki nyaya tatu za kulehemu, na dayodi haivumilii joto. Sharti mtu aubane waya kwa koleo, ili koleo linywe joto kabla halijafika ndani.

"Bana hapa. Usitikisike."

"Linachoma, Thelma."

"Lichome."

Rodney alibana mpaka waya wa tatu. Altaneta ilipokwisha kufungwa mahali pake, na nyaya za betri kurudishwa alivyozifunga Thelma, taa nyekundu ya dashibodi, ya kuonya kwamba umeme hauzalishwi, ilizimika mara tu injini iliponguruma. Thelma alimfungulia kaka yake mlango wa abiria.

"Ingia."

"Nina gari langu."

"Sikukuuliza kama una gari. Ingia."

Juu mlimani ukungu ulikuwa mzito kama sufi. Kwenye kona ile, ambapo mawe mapya ya ukuta yalikuwa meupe kuliko mengine, Thelma aliegesha kando, akaiacha injini ikinguruma taratibu. Akawasha taa kubwa, waipa, feni. Wakakaa. Mwanga ulibaki juu ya ukuta, mweupe, hautetemeki.

"Sasa niambie nililala."

Rodney alivua kofia.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba dainamo haiwezi. Kiangazi kile, kabla ya ajali, fundi aliniambia tuweke altaneta. Nikakataa, nikasema tutapoteza alama za uasili, na kikombe cha chama pamoja nazo. Nilipopigiwa simu kuwa uko hospitali, niliogopa. Ikanitoka tu, kwamba ulisinzia."

"Ili kikombe kibaki kabatini kwako."

"Ndiyo."

Hasira ya Thelma, iliyokuwa mwali tangu asubuhi, ikawa kaa. Na kaa halina kelele, ila ndilo liunguzalo.

"Utawaambia hivyo hivyo."

"Nitawaambia."

"Na si kwa kunong'ona."

Kwenye nyumba ya wageni kileleni, wanachama walikuwa wamejaa kuzunguka jiko la makaa, makoti yakitoa mvuke. Rodney alisimama katikati, kofia mkononi, akayasema yote, na kwa haki, hakupunguza neno. Kisha mwenyekiti, Arthur Bagshaw, mtu mnene mwenye kupenda mambo yapite, akapiga makofi mara moja.

"Haya, yamekwisha! Mleteeni Thelma bia, mimi nalipa. Rodney, wewe lete ulimi wako tuufunge kamba!"

Watu wakaanza kucheka. Thelma akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Yamekwisha? Hayajaanza!"

"Ah, Thelma, mama! Mwenzetu ameshakiri. Unataka nini tena?"

"Huyu alisema neno moja tu. Nyinyi mkalila mwaka mzima kama mkate. Mmekuja nyumbani kwangu, mmekunywa chai yangu. Nani kati yenu aliniuliza? Wewe, Arthur? Nani?"

Bagshaw alifungua mdomo, lakini Edith, mkewe, alimwekea mkono juu ya mkono, akamgeukia Thelma.

"Thelma," alisema, "ilikuwaje siku ile?"

Thelma alivuta kiti, akaketi.

"Kwanza niliwasha taa kubwa," alisema kwa ukali, kama mtu agombaye, na hakuna aliyegusa kikombe chake.